Pikipiki Iliyomeza Yowe

Mimi naitwa Jepkorir, mke wa Kipsang. Nyumba yetu iko juu ya mlima, upande wa Ravine, kaskazini ya Nakuru. Ukisimama mlangoni asubuhi unaona bonde lote. Unaona mto chini, mlima wa pili ng'ambo ya mto, na nyuma yake mlima wa tatu. Nimezaliwa huku na bado sijazoea. Kila asubuhi nashangaa, na mume wangu hunicheka.

"Mama Chelangat, huo mlima ulikuwa hapo hapo jana."

"Najua," namjibu. "Na leo uko tena. Si ajabu hiyo?"

Haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka wa 1957. Kipsang alikuwa msaidizi wa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa kupita boma kwa boma akichanja ng'ombe. Ugonjwa wa sotoka ukiingia mlimani kabla ya Kipsang, ng'ombe walikufa. Kipsang akiingia kabla ya sotoka, ng'ombe walipona. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa mbio, yeye na ugonjwa, nani afike kwanza. Na miaka yote alikimbia kwa miguu.

Jambo moja lazima nilieleze mapema. Huku kwetu hakukuwa na simu. Mtu akipatwa na shida alisimama mahali pa juu akapiga yowe. Kila aliyelisikia aliacha kazi yake. Jembe aliliacha shambani, chungu alikiacha motoni. Alilipokea yowe kwa sauti yake akalipeleka mbele, kisha akakimbia kwenda kusaidia. Mtu wa mlima wa pili alilipeleka mlima wa tatu. Kabla maji ya chai hayajachemka, milima mitatu ilikuwa imejua. Mimi yowe lilinitetemesha tangu utotoni. Hebu fikiri, sauti ya mtu mmoja inapita juu ya mto bila miguu, na upande wa pili watu usiowajua wanakuja mbio!

Basi mwaka ule Kipsang alipata pikipiki kuukuu kwenye mnada wa jeshi huko Gilgil. Siku aliyoileta, watu walijaa uani. Jirani yetu mzee, Chepkemei, alikuja kutoka mlima wa pili kuiona. Sisi sote tulimwita Kogo, maana yake nyanya. Aliizunguka mara tatu, akaigusa taa yake.

"Ina jicho moja tu," akasema. "Itabidi iende kwa adabu."

Mwanzoni ilikuwa na adabu kweli. Ilinguruma chini chini tu. Lakini siku moja Kipsang alifika kwa mzee mmoja anayeitwa Kiprugut, nyuma ya mlima wa tatu. Upepo ulikuwa unavuma upande mwingine, kwa hiyo mzee hakuisikia. Alishtukia mtu amevaa koti kubwa na miwani ya pikipiki, amesimama katikati ya ng'ombe wake. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, na watu waliogopa mgeni asiyejulikana. Mzee Kiprugut alitoka na mkuki.

Kipsang alirudi nyumbani amefedheheka sana.

"Mama Chelangat, leo nimeonekana kama mwizi," akasema.

Nilimwelewa. Kwetu mtu mwenye heshima hafiki bomani kimya kimya. Hukohoa, huita, husimama mbali mpaka ajibiwe. Anayekuja bila kusikika ana jambo analolificha.

Kesho yake Kipsang alichukua spana. Alilifungua bomba la moshi la pikipiki, akatoa vyuma vyote vilivyokuwa ndani ya ile sehemu nene ya nyuma. Akavitupa shimoni. Kisha akalirudisha bomba likiwa tupu.

"Unaiharibu?" nikamwuliza.

"Hapana. Naifundisha kupiga hodi."

Akaipiga teke kuiwasha. Lo! Mama yangu! Kuku walikwenda juu ya paa. Mbwa aliingia chini ya kitanda, akakaa huko mpaka jioni. Mlio ulipiga mlima wa pili, ukarudi, ukanipiga kifuani. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Nilisimama na kijiko mkononi, mdomo wazi.

Na nisiwe mwongo. Nilifurahi. Wake wengine waume zao walirudi kimya. Mume wangu alirudi kama radi, na bonde lote lilijua ni mume wa Jepkorir. Nilipomsikia akiwa bado nyuma ya mlima wa tatu, niliweka chai motoni. Alipofika mlangoni, chai ilikuwa tayari. Nikajiona nimeolewa vizuri.

Kipsang naye alifurahi. "Wakinisikia kutoka mbali, watawafunga ng'ombe waningojee," akasema. "Ni heshima, na tena ni msaada."

Ni kweli, watu walimsikia. Lakini ng'ombe pia walisikia.

Ng'ombe si mjinga, jamani. Mara ya kwanza alisikia mlio, kisha akachomwa sindano. Mara ya pili alisikia mlio, akachomwa tena. Mara ya tatu hakungoja. Mlio ulipoanza mbali, ng'ombe waliinua mikia wakavunja boma, wakakimbilia msituni. Kipsang alifika na dawa yake akakuta vinyesi na wazee wenye hasira. Sotoka ilikuwa tayari imeonekana upande wa ziwa Baringo, na mume wangu alikuwa anachanja ng'ombe watano pale alipopaswa kuchanja hamsini.

Hata ng'ombe wangu wa maziwa aliharibika. Nilikuwa namwachia ndama anyonye kidogo, namwimbia, naye anateremsha maziwa. Sasa Kipsang akiwasha pikipiki uani, maziwa yalikatika pale pale. Ng'ombe alinitazama kama mimi ndiye niliyempigia kelele.

Ndipo Kogo Chepkemei alipokuja. Hakuja kuangalia jicho la pikipiki safari hii. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai kwanza. Hapo nikajua kuna neno.

"Kipsang, mwanangu," akasema. "Mashine yako inatusumbua. Mke wa mwanangu amejifungua juzi, na mtoto anashtuka usingizini kila ukipita. Ng'ombe wanakimbia. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Ipunguzie sauti."

"Nini?" Kipsang akauliza.

Kogo akarudia kwa sauti kubwa.

"Lakini Kogo," Kipsang akajibu, "unataka nije kwa watu kama mwizi?"

"Nataka uje kama mtu."

"Hiyo sauti ni hodi yangu, Kogo. Nabisha kutoka mbali kwa kuwaheshimu."

"Anayebisha hodi hungoja aambiwe karibu," Kogo akasema. "Wewe ukibisha, huwezi kusikia kama tumekukaribisha ama tumekufukuza."

Kipsang alicheka. Alidhani ni utani wa wazee. Mimi pia nilicheka kidogo, na mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona nikalinyamazia. Mume wangu alikuwa ameanza kupiga kelele nyumbani. "Leta chumvi!" alisema, kama mimi niko ng'ambo ya mto. Nilidhani amekuwa mkali. Jioni alijishika masikio. "Kuna nyenje humu ndani ya nyumba?" aliuliza. Hapakuwa na nyenje.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Kipsang aliondoka kwenda kuchanja mlima wa tatu. Barabara yetu inateremka nyuma ya nyumba, inalizunguka bonde, inavuka daraja, kisha inapanda mlima wa pili ikipita karibu na kwa Kogo. Ukisimama juu ya mwamba ulio mbele ya nyumba yetu, unamwona msafiri robo saa nzima.

Binti yetu Chelangat alikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile alikuwa anampeleka ndama mkubwa malishoni, na kamba ameizungusha mkononi kama watoto wanavyofanya. Nyuma ya nyumba Kipsang akawasha pikipiki, akaondoka bila kutazama nyuma. Ndama akaruka. Chelangat hakuwahi kuiachia kamba. Ndama alimburuta juu ya mawe mpaka ukingoni mwa mteremko, wakaanguka pamoja.

Nilipomfikia, mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na kidonda kilikuwa wazi. Damu ilikuwa nyingi. Nilikifunga kwa kitambaa changu cha kichwa nikakaza kwa nguvu zangu zote. Chelangat alinitazama akasema, "Mama, usimpige ndama." Kisha akafumba macho.

Hospitali iko Ravine. Kwa miguu, ukiwa umebeba mtu, ni nusu siku. Kwa pikipiki ni muda mfupi tu. Na pikipiki ilikuwa pale chini, naiona kwa macho yangu, inateremka polepole kuelekea darajani.

Nilipanda juu ya mwamba nikapiga yowe. Sijawahi kupiga yowe kama lile. Koo liliniuma mwezi mzima. Yowe lilishuka bondeni likakutana na ule mlio, na mlio ukalimeza.

Nilipiga tena. Watu wa karibu walilisikia. Wakalipokea, wakatoka mbio hadi barabarani. Kipsang alivuka daraja. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliinua mikono wakamwita. Yeye akainua mkono. Akapanda mlima wa pili. Wachungaji walirusha kofia zao juu wakipiga kelele. Akainua mkono. Kogo Chepkemei, na uzee wake wote, alisimama kando ya barabara akirukaruka na kupiga yowe usoni pake. Kipsang alimpungia mkono, akatabasamu, akapita.

Milima miwili ilimwita mume wangu, na mtu mmoja tu hakusikia.

Wanaume walikuja. Walimlaza Chelangat kwenye ngozi ya ng'ombe, wakaifunga kwenye miti miwili, wakambeba kwa zamu wakikimbia. Nilikimbia nyuma yao. Ndivyo yowe lilivyo. Wengine sikuwajua hata majina, na walimbeba mtoto wangu mpaka mabega yakachubuka.

Tulifika hospitali alasiri. Daktari alifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha akaja kwangu.

"Mama, mtoto yuko hai. Mguu nitajaribu kuuokoa. Lakini damu imetoka nyingi mno. Hakukuwa na chombo cha kumleta haraka?"



Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Kogo. Kipsang alirudi saa kumi, na furaha tele. Alimkuta Kogo peke yake mlangoni.

"Kogo!" akasema kwa sauti yake mpya ya kupiga kelele. "Leo watu wamenisalimu! Barabara nzima! Hata wewe umerukaruka kama msichana!"

Kogo alimshika mkono. Akasogea karibu na sikio lake.

"Hatukuwa tunakusalimu, mwanangu. Tulikuwa tunakuita. Chelangat alikuwa anakufa."

Kipsang alikuja Ravine. Pikipiki aliizima mbali, kwenye daraja la mji, akaisukuma mpaka langoni. Aliingia akaketi chini, kando ya kitanda. Mwanamume yule aliyekuwa akivuma kama radi alilia bila sauti. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, makali. Nilipomwona, yote yaliniishia. Nilikumbuka pia chai niliyokuwa naiweka motoni kwa majivuno.

"Nilimpungia mkono Kogo," akasema. "Mama Chelangat, nilimpungia mkono."

Siku ya tatu Chelangat aliomba uji. Hapo nikajua tumerudishiwa mtoto wetu.

Wazee waliitisha mkutano. Wengine walisema pikipiki isipite tena barabarani. Wengine waliuliza, sotoka ikipanda kutoka Baringo, Kipsang atakimbia nayo kwa miguu? Kogo aliomba nafasi ya kusema.

"Sisi hatuichukii mashine," akasema. "Kama siku ile angesikia, mashine ndiyo ingemwokoa mtoto. Tunachotaka ni kwamba anayepita atusikie, na sisi tusikiane. Mpeni mwezi mmoja aipunguzie sauti."

Wakampa mwezi mmoja.

Tulikwenda Nakuru kumtafuta fundi. Nilimwambia Kipsang nitapanda nyuma yake, nikaone kwa macho yangu. Masikio niliyaziba kwa pamba. Hata hivyo, mlio ulinipiga mpaka meno yakatikisika. Tulipotokea mahali ambapo bonde kubwa linafunguka, niliona ziwa Nakuru kwa mara ya kwanza. Ukingo wake wote ulikuwa umekuwa mwekundu mpole, kwa wingi wa ndege. Kisha wekundu ule ukainuka kutoka majini, ukageuka angani, ukashuka tena. Mungu wangu! Nilimpiga Kipsang mgongoni.

"Tazama! Tazama!"

Hakusikia. Ajabu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, nikaiona peke yangu.

Fundi tuliyeelekezwa aliitwa Darweshi. Alikuwa mzee wa kofia nyeupe, na karakana yake ilikuwa karibu na reli. Alitutazama midomo tulipokuwa tunasema, akajibu kwa sauti kubwa kuliko ya Kipsang. Alichutama kando ya pikipiki, akaingiza kijiti ndani ya bomba. Kijiti kikaingia chote.

"Ndani mlikuwa na vyuma. Viko wapi?"

"Nilivitoa," Kipsang akasema. "Nilitaka watu wanisikie nikija. Na pia nilidhani vinaiziba pumzi. Sitaki ishindwe mlima."

"Njoo, bwana. Na wewe mama, njoo."

Darweshi alichukua bomba kuukuu lililokatwa katikati kama papai. Ndani yake mlikuwa na vibati vyenye matundu, na vijibomba vifupi vilivyopishana.

"Hii ndiyo sailensa," akasema. "Ndani ya injini petroli inalipuka, mara nyingi kwa dakika moja kuliko unavyoweza kuhesabu. Kila mlipuko ni kama bunduki ndogo. Moshi unatoka na ile nguvu ya mlipuko. Ukifika humu, unagonga bati hili, unapita kwenye tundu, unarudi, unagonga jingine. Sauti inachoka njiani. Moshi unatoka nje, nguvu ya kelele inabaki ndani."

Nilikitazama kile kipande. Nilipitisha kidole kwenye matundu. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akafikiri jinsi ya kuichosha sauti! Nilisahau hata kufunga mdomo.

"Na mlima?" Kipsang akauliza.

"Mlima unapandwa na injini, haupandwi na kelele. Aliyeitengeneza pikipiki hii alipima injini na bomba viende pamoja. Ukitoa vyuma, petroli inaungua ovyo. Vali, ile milango midogo ya injini, zinaungua pia. Hebu tazama." Akamwonyesha masizi na rangi ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. "Ulidhani umeipa nguvu. Ulikuwa unaiua."

Kipsang akauliza polepole, "Na masikio yangu, fundi? Jioni nasikia nyenje."

Darweshi aliacha kutabasamu. Akaketi juu ya tairi.

"Nitakuambia, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Nilifanya kazi miaka mingi katika karakana za jeshi, injini zinalia mchana kutwa. Jioni nilisikia nyenje kama wewe. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo, vidogo sana, kama majani machanga. Sauti ikiingia, vinatikisika, nasi tunasikia. Kelele kubwa inavikanyaga. Ukikanyaga majani mara moja, yanainuka. Ukipita hapo hapo kila siku, unapata njia tupu, hayaoti tena. Mlio wa nyenje ni onyo. Mimi sikulisikiliza."

Akaonyesha kwa mkono upande wa mji.

"Msikiti ule pale. Nilikuwa naisikia adhana kutoka hapa. Sasa naijua kwa kumwona jirani akifunga duka lake. Mke wangu Kuluthum akisema nami gizani, sijui amesema nini. Miaka arobaini ya ndoa, bwana, na siwezi kuongea na mke wangu mpaka tuwashe taa."

Nilimtazama Kipsang. Alikuwa amejishika masikio yote mawili, taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

"Yangu yamekwisha?" akauliza.

"Bado, naamini. Umeendesha hivi kwa miezi tu. Yapumzishe. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki ukitunze."

Darweshi alifanya kazi mpaka saa tisa. Alitia vibati vipya ndani ya sailensa, akaziba tundu la kutu, akakaza pale bomba linapoungana na injini. "Kagua hapa kila wiki," akasema. "Pakilegea, kelele inatokea hapa hata kama sailensa ni nzima."

Kisha akaiwasha.

Injini ilinguruma chini chini, na juu ya mngurumo ule nilisikia vitu vingine! Nilisikia nyundo ya fundi jirani. Nilisikia treni ikipumua stesheni, na mtoto anakataa kuogeshwa nyuma ya ukuta. Vilikuwepo muda wote. Nilishika shavu langu. Ilikuwa kama mtu ameninunulia Nakuru nzima.

Kipsang alikuwa bado na shaka. "Lakini fundi, nitafika kwa watu kimya, kama mwizi?"

Darweshi alicheka mpaka kofia ikasogea. "Una mdomo, bwana! Zima pikipiki mbali na boma, tembea hatua zako mia, kisha ita kama baba yako alivyoita. Mashine haiwezi kubisha hodi kwa niaba yako. Haijui kungoja jibu."

Tulirudi tukipanda milima na mimi nyuma, na mzigo. Pikipiki ilipanda vizuri kuliko kwanza. Pale ziwa linapoonekana nilimpiga Kipsang mgongoni tena.

"Tazama nyuma!"

Akasimama. Tuliwatazama ndege wale pamoja mpaka jua likawa limeteremka sana. "Wakati wa kwenda walikuwepo?" akaniuliza. Nikamwambia walikuwepo.

Mambo yalibadilika. Sasa Kogo alipanda kilimani siku moja kabla ya chanjo, akaita: "Kesho Kipsang! Fungeni ng'ombe!" Mlima wa tatu ukapokea, na watu wakajua bila mlio wowote. Kipsang alizima pikipiki mbali, akaja kwa miguu, akakohoa, akaita. Ng'ombe walichukua muda kusahau. Mwezi wa kwanza bado walitega masikio. Mwezi wa pili wakaendelea kutafuna. Sotoka ilipofika kwenye milima yetu, ilikuta ng'ombe wamekwisha kuchanjwa. Mke wa mwana wa Kogo alisema mtoto wake sasa analala, na kwamba sasa ni yeye asiyelala, kwa kumwangalia.

Lakini mimi kulikuwa na jambo moja lililonikaa moyoni. Chelangat alitoka hospitali na fimbo ya kutembelea. Mguu ulipona, ingawa alichechemea. Hakumwogopa baba yake. Ila nilimwona kila pikipiki inapoondoka, anasimama akilitazama bomba la moshi.

Asubuhi moja Kipsang alipokuwa ameondoka, Chelangat alikwenda mpaka kwenye mwamba. Alipanda polepole na fimbo yake. Nilimfuata, sikumzuia. Baba yake alikuwa amefika karibu na daraja, mdogo kama siafu.

"Baba!" akaita.

Hakupiga yowe. Alimwita tu, kama mtoto anavyomwita baba yake.

Pikipiki iliendelea. Nikakumbuka maneno ya fundi, kilichopotea hakirudi.

Chelangat alivuta pumzi.

"Baba-a-a!"

Pikipiki ikasimama. Mtu yule mdogo akashuka, akavua kofia, akageuka. Alitutafuta kwa macho mpaka akatuona juu ya mwamba. Kisha sauti yake ikapanda bondeni, nyembamba, lakini nzima.

"Nimekusikia, mwanangu! Nimekusikia!"

Chelangat akaniangalia. "Mama, amesikia," akasema, na akaanza kulia, naye hakulia hata siku ile alipovunjika.

Wanawake waliokuwa wanachota maji mtoni walikuwa wamesimama. Walituona, wakamwona Kipsang na kofia yake mkononi. Mmoja wao akainua sauti: "Amesikia!" Wachungaji wakapokea: "Amesikia!" Nikamsikia Kogo Chepkemei kwenye mlima wa pili, kwa sauti yake ya mikwaruzo: "Amesikia-a-a!" Na nyuma yake, mbali sana, mlima wa tatu, watu wasiojua hata ni nani aliyesikia nini waliacha majembe yao, wakalipokea neno lile, wakalipeleka mbele.